Rangi ya Mafuta na Sanamu Ndogo za Njozi

Atakaye kuipima kazi ya mkono asitazame ukubwa wake, bali atazame fikira iliyomo. Kazi ninayoileta mbele yako leo, msomaji, ni ndogo hata yaweza kusimama juu ya sarafu. Ni sanamu za mashujaa, majoka, mazimwi na vibeti wenye mashoka. Na kimo cha mtu katika nyingi za sanamu hizo ni kama milimita 28 tu.

Sanamu hizi zilienea pamoja na michezo ya njozi inayochezwa mezani. Mchezo wa Dungeons & Dragons ulichapishwa Marekani mwaka 1974; na mwaka 1983 Uingereza ikatoa mchezo wa Warhammer, ambao majeshi ya njozi hupigana juu ya meza. Sanamu nyingi huuzwa bila rangi, na mnunuzi huzipaka mwenyewe. Ustadi huo ulikua hata mwaka 1987 yakaanzishwa mashindano ya upakaji yaitwayo Golden Demon, na bingwa wa mabingwa hutuzwa upanga.

Wapakaji wengi hutumia rangi ya akriliki, ambayo huzimuliwa kwa maji na hukauka kwa dakika chache. Wengine wamerejea kwenye rangi ya mafuta, yaani unga wa rangi uliosagwa pamoja na mafuta ya mbegu za kitani. Rangi hii ni ya kale. Zamani ilidhaniwa kuwa ilibuniwa na Jan van Eyck, mchoraji aliyefariki mwaka 1441. Lakini mwaka 2008 wataalamu walitangaza kuwa baadhi ya picha za mapango ya Bamiyan, Afghanistan, zilichorwa kwa rangi ya mafuta kiasi cha karne ya 7. Swali letu ni hili: rangi hii yaifaa sanamu ndogo, au ni joho la mtu mzima alilovishwa mtoto?

Huenda ukauliza kwanza, kwa nini sanamu ipakwe kivuli, hali ina mwili wake na mikunjo yake? Jibu ni udogo wake. Simama juani saa tano ya asubuhi, nawe utaona mwanga na kivuli vikigawana uso wa mwenzako. Lakini pua ya sanamu ni ndogo kuliko punje ya mtama. Kivuli chake hakionekani. Basi mpakaji hana budi kuchora kwa mkono kile ambacho jua limeshindwa kukitenda. Hapo ndipo sanaa yake ilipo. Wako wasemao kwamba yeye si msanii kwa sababu sanamu ilichongwa na mwingine. Lakini mghani wa utenzi naye si lazima awe mtunzi, na bado twaijua tofauti ya mghani hodari na mghani dhaifu.

Katika kazi hiyo ya mwanga, rangi ya mafuta ina fadhila kubwa. Haikauki kwa kupoteza maji, bali hukauka kwa kuvuta hewa ya oksijeni polepole, kwa muda wa siku kadhaa. Mpakaji huweza kuweka weupe penye bega la joho na weusi penye mkunjo, kisha akapitisha burashi kavu katikati hata mpaka wa rangi mbili usionekane. Akikosa, hufuta kwa pamba iliyoloweshwa tapentaini. Na ikiwa chini alipaka akriliki na kuikinga kwa vanishi, msingi wake hubaki salama. Mashavu ya mzee, ngozi ya zimwi na kutu ya ngao hupata uhai ambao ni vigumu kuupata kwa rangi ya haraka.

Lakini fadhila hiyo ina deni lake. Mwanafunzi wangu mmoja alinizawadia kibeti, nami nikampaka joho jekundu. Siku ya pili nikamshika ili nimwonyeshe. Alama ya kidole changu ikabaki mgongoni mwa shujaa, na mwanafunzi akaitazama bila kusema neno. Niliilaumu rangi. Baadaye niliona haya, kwa maana rangi ilikuwa na desturi yake tangu kale, nami ndiye niliyekuwa na haraka. Tena mimi ndiye niliyezoea kuwaambia vijana darasani kwamba mvumilivu hula mbivu.

Kosa jingine ni kubwa kuliko langu. Wako wapakaji wanaoifanya rangi ya mafuta nyeusi kuwa nyepesi kama maji, wakaimwaga juu ya sanamu nzima, wakafuta kidogo, kisha wakasema kazi imekwisha. Kwa hakika sanamu hupata sura ya ukale. Lakini huo ni uchafu uliokaa kila mahali kwa usawa, nao si kivuli. Kivuli cha kweli huulizwa mwanga umetoka wapi, nacho hujibu. Kwa upande mwingine, wapakaji wa akriliki ambao huchora mstari mweupe kwenye kila ukingo nao hukosea, kana kwamba jua limeizunguka sanamu pande zote. Ingawa mistari hiyo husaidia mchezaji aliye mbali kidogo na meza kuitambua sanamu yake.

Hukumu yangu basi ni hii. Kwa askari arobaini watakaopigana kesho, akriliki yatosha. Kwa ncha ya upanga na mboni ya jicho, akriliki pia ni bora. Lakini kwa sanamu moja itakayotazamwa karibu, uso wake na vazi lake, rangi ya mafuta si joho la kuazima. Ni joho lililoshonwa kwa kipimo chake.

Nawe, msomaji, ukiiona sanamu kama hiyo, usiulize imetumia rangi gani. Uliza mwanga watoka upande gani. Sanamu ikiweza kukujibu, msifu aliyeipaka. Ikinyamaza, jua kwamba imepata rangi tu, haijapata mchoraji. Kibeti wangu angali mezani pangu na alama ya kidole mgongoni. Sikuifuta.