Uso Hukamilika Kabla ya Kliniki

Gusa kijifereji kinachoshuka kutoka puani hadi kwenye mdomo wa juu. Kingo zake mbili zinaonyesha takriban mahali nyama za uso wako zilipoungana ukiwa tumboni. Ndiyo maana mpasuko wa mtoto aliyezaliwa na mdomo wa sungura huwa kando ya kijifereji hicho, mara nyingi upande wa kushoto, na ni nadra sana kuwa katikati.

Ujenzi huo huanza mapema mno. Wiki ya 4 tangu mimba itungwe, kiinitete kina milimita chache tu, na kwenye shingo yake hujitokeza mikunjo iitwayo matao ya koromeo. Sehemu kubwa ya seli zinazoyajaza huhama kutoka ukingoni mwa mrija wa neva, ule utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo. Tao la kwanza huzaa taya na vifupa viwili vya ndani ya sikio. La pili huzaa sehemu kubwa ya kifupa cha tatu. Kwa hiyo unachosikia nacho na unachotafunia vina asili moja, jambo ambalo Karl Reichert alilionyesha mwaka 1837. Sikio la nje nalo huanzia chini shingoni, kisha hupanda kadiri taya inavyokua.

Uso wenyewe hutokana na vivimbe vitano vinavyozunguka tundu la mdomo: kimoja cha paji, viwili vya taya ya juu, viwili vya taya ya chini. Kufikia wiki ya 7, vile vya taya ya juu vimesogea katikati na kushikana na nyama iliyo chini ya pua. Kimoja kikichelewa kidogo, havikutani, na mdomo hubaki wazi.

Kaakaa ndilo linalonistaajabisha zaidi. Kuta zake mbili hukua kwanza zikielekea chini, kila moja upande wake wa ulimi. Wiki ya 8 taya ya chini hurefuka, ulimi hushuka, na kuta huinuka na kulala juu yake. Zikigusana, ngozi iliyo kati yake hutoweka ili nyama ishikane na nyama. Taya ikibaki fupi, ulimi hukaa juu ukiziba njia, na mtoto huzaliwa kaakaa likiwa na tundu pana. Kwa kawaida kazi hii humalizika kati ya wiki ya 10 na ya 12.

Sasa tuilete hesabu hii Mautuma, huku Lugari, kaskazini mwa kaunti ya Kakamega. Muuguzi huhesabu wiki kuanzia hedhi ya mwisho, yaani huongeza wiki mbili juu ya umri halisi wa kiinitete. Shirika la Afya Duniani linataka mama aonekane kliniki kabla ya wiki ya 12 kwa hesabu hiyo. Hata yule anayetii kikamilifu anaweza kufika mdomo ukiwa umeshaungana, au umeshakosa kuungana. Mrija wa neva hufunga mapema zaidi, siku ya 28 hivi tangu mimba itungwe, pengine kabla mama hajajua kuwa ana mimba.

Utafiti mkubwa uliotolewa Uingereza mwaka 1991 ulionyesha kuwa asidi ya foliki, ikinywewa kabla ya mimba, ilipunguza kujirudia kwa mgongo wazi na kasoro nyingine za mrija wa neva kwa asilimia 72 katika familia zilizokwisha kupata mtoto wa aina hiyo. Kwa mdomo wa sungura ushahidi ni dhaifu zaidi. Urithi, sigara, pombe na baadhi ya dawa za kifafa huchangia mpasuko huo. Anayetumia dawa hizo asiziache mwenyewe. Amwone daktari kabla ya kushika mimba.

Kenya iliagiza mwaka 2012 kwamba unga wa ngano na wa mahindi unaofungashwa utiwe virutubisho, foliki ikiwamo. Lakini Lugari ni nchi ya mahindi. Gorogoro la mahindi linalotoka ghalani na kupelekwa kwenye mashine ya kusaga hurudi unga mtupu. Kunde, mrenda na maharagwe yana foliki, ila kuchemsha sana na kumwaga maji huipoteza.

Mtoto akizaliwa na mpasuko, hakuna laana wala kosa la mama. Akishindwa kunyonya, akamuliwe maziwa na anyweshwe kwa kikombe. Mdomo hushonwa kuanzia miezi 3 hivi, kaakaa kati ya miezi 9 na 18, kabla matamshi hayajaharibika.

Mahali pa kumpata mama kwa wakati ni dirisha la uzazi wa mpango. Anayekuja kutolewa kipandikizi kwa sababu anataka mtoto aondoke na vidonge vya foliki siku hiyohiyo, mikrogramu 400 kila siku. Zahanati zetu zianze hapo.