Mama, Binti na Nyumba ya Ugenini: Uhakiki wa Riwaya ya Brown Girl, Brownstones

Wahenga walisema kuwa mwacha asili ni mtumwa. Methali hii huitumia mara kwa mara tunapozungumzia utamaduni, lakini ni nadra kujiuliza: je, aliyezaliwa ugenini, ambaye asili yake ameisikia tu vinywani mwa wazazi wake, aache nini na ashike nini? Swali hilo ndilo kiini cha riwaya ya Paule Marshall, Brown Girl, Brownstones, iliyotolewa Marekani mwaka 1959. Mwandishi huyo (1929–2019) alizaliwa Brooklyn, New York, na wazazi waliotoka kisiwa cha Barbados.

Kisa chaanza mwaka 1939. Selina Boyce ni mtoto wa miaka kumi. Mama yake, Silla, ambaye huajiriwa kusafisha nyumba za Wazungu na baadaye hufanya kazi katika kiwanda cha zana za vita, ana nia moja tu: kuinunua nyumba waliyopanga. Baba yake, Deighton, amerithi kipande cha ardhi Barbados, naye anaota kurudi kujenga huko. Silla anaghushi barua na kuiuza ardhi ile kwa siri. Fedha zinapofika mikononi mwa mume, naye anazitapanya zote kwa kununua zawadi na mavazi. Hatimaye mke anamshtaki mumewe kwa maofisa wa uhamiaji. Deighton anarudishwa kwao kwa nguvu, na anakufa maji karibu na pwani ya kisiwa kile kile alichokuwa akikiota.

Msomaji mwenye haraka atamlaani Silla. Hata Selina anamlaani, akimwita Hitler. Lakini kuishia hapo ni kusoma nusu ya kitabu. Mwandishi ametuwekea pia ushahidi wa upande wa pili: Silla anasimulia jinsi alivyofanya kazi utotoni katika mashamba ya miwa, pamoja na watoto wenzake, chini ya msimamizi mwenye mjeledi. Mtu aliyetoka katika hali hiyo hawezi kuiona ardhi ya kisiwani kwa jicho la Deighton. Mume anaona bustani. Mke anaona jasho. Ukoloni uliwalea wote wawili, ukampa mmoja ndoto na mwingine hofu ya ufukara. Kosa la Silla, basi, si kuitaka nyumba, bali ni kukubali kipimo cha jamii ya kibepari, ambamo utu wa mtu husomwa katika hati ya nyumba yake.

Kukua kwa Selina ni safari ya kuutambua ukweli huo. Anapanga kukilaghai chama cha Wabarbados ili apate fedha za masomo na kutoroka na mpenzi wake, Clive. Hila hiyo ni ya mama yake hasa! Kisha, baada ya onyesho la ngoma, mama wa mwenzake Mzungu anamdhalilisha kwa maneno yaliyopakwa asali. Hapo ndipo anapofahamu aibu ambayo Silla alikuwa akiimeza kila siku katika majiko ya watu. Anazikataa fedha zile, na kumkumbusha mama yake kwamba naye aliondoka kwao akiwa na miaka kumi na minane ili awe mtu mwenye nafsi yake. Mwana hutazama kisogo cha nina.

Kwa upande wa fani, nguvu ya riwaya hii imo katika mazungumzo ya wanawake jikoni, yaliyoandikwa kwa lahaja ya Barbados bila kuonewa haya. Katika insha ya mwaka 1983 Marshall alikiri kuwa wanawake wa namna hiyo ndio waliomfunza sanaa ya maneno. Kasoro ipo: Ina, dada yake Selina, amechorwa kwa wepesi mno, na maneno marefu ya Clive yanapunguza mwendo wa kisa.

Mwishoni, kabla ya kusafiri kuelekea visiwa vya wazazi wake, Selina anavua bangili moja ya fedha kati ya mbili alizovaa tangu utotoni, na kuitupa kwenye magofu ya nyumba zilizobomolewa. Ya pili inabaki mkononi. Ndivyo anavyoijibu methali yetu: ameacha, na ameshika.