Tiger alikuwa akikimbilia wapi?

Tarehe 26 Juni 2014 Tiger Woods alirudi kwenye uwanja wa gofu wa Congressional, siku 87 tu baada ya kupasuliwa mgongo. Hakupaswa kuwapo. Alipiga 74, kesho yake 75, mchujo ukamwacha kwa mikwaju 4, naye akatoka akisema mgongo haukumsumbua.

Kutoumwa kulimponza. Upasuaji mdogo aliofanyiwa huondoa kipande cha diski kilichochomoza na kubana mshipa wa fahamu, na maumivu ya mguu yanaweza kutulia mapema. Lakini tundu kwenye ukuta wa diski kwa kawaida halitiwi kiraka. Huachwa lijizibe lenyewe kwa kovu, polepole. Ndiyo maana wagonjwa wa kawaida huambiwa watembee, wasiiname, wasibebe mizigo, na zaidi ya yote wasijipinde kiuno. Sasa swingi ya Tiger ni nini, kama si kujipinda kiuno kwa nguvu zote?

Majibu yalikuja Agosti kwenye uwanja wa Firestone. Shimo la 2, mpira uko ukingoni mwa banka, mguu hauna pa kukaa. Akapiga, mwili ukamvuta, akatua chini mchangani kwa kishindo. Alipofika shimo la 9 akajitoa. Kwenye maegesho hata kuvua viatu kukawa kazi. Siku nne baadaye, jamani, akacheza tena kwenye uwanja wa Valhalla! Mchujo ukamtupa nje. Septemba 2015 kisu cha pili, Oktoba cha tatu.

Safu hii haitachoka kulisema: mashindano ya Congressional yalichangia mfuko wake mwenyewe wa hisani, na mwenye shughuli hapimi homa yake vizuri.

Aprili 2017, pingili zake za mgongo zilipounganishwa, alisubiri miezi saba. Taji la Masters la 2019 likafuata. Safi.

Wazee walijua kwamba mwili hupewa muda, bila mashine za MRI. Lee Trevino alipasuliwa diski mwaka 1976, akayabadili mazoezi yake ili kuutunza mgongo, na mwaka 1984 akatwaa taji la PGA akiwa na miaka 44. Ben Hogan, ambaye majeraha yake hayakuwa ya diski, aligongwa na basi Februari 1949, hakushindana hadi Januari 1950, na Juni akabeba US Open. Tiger wa 2014 alikuwa na mataji makubwa 14 na madaktari wa kuchagua. Msimu mmoja wa kukaa nje ungempunguzia nini?