Coppens alitupanga upande wa sokomutu

Bandugu, kuko hadithi moja ya asili ya binadamu ambayo wengine wetu tungali tunaikariri sawa vile ni sheria. Yves Coppens, Mfaransa, mmoja wa wale walioongoza kazi iliyomtoa Lucy katika udongo wa Hadar, Ethiopia, mwaka 1974, aliiita East Side Story. Inasema hivi: karibu miaka milioni 8 iliyopita Bonde la Ufa lilipasuka, milima ikainuka na kuzuia mvua. Magharibi, kwetu huku, pori likabaki, na wazee wa sokomutu wakabaki mule mu miti. Mashariki miti ikapunguka, nyasi zikashika nafasi, na wazee wetu wakasimama kwa miguu miwili.

Hadithi ni tamu, nakubali. Mwanafunzi akiisikia mara moja haisahau. Lakini ilisimama juu ya nini? Juu ya hesabu: mashariki mifupa ya wazee wa binadamu ni mingi, ya sokomutu hakuna, magharibi hakuna kitu. Sasa, magharibi nani alichimba? Na hata angechimba, udongo wa pori letu una asidi, mifupa inaoza mbio mbele igeuke jiwe. Kule mashariki mito na maziwa vilizika mifupa, majivu ya volkano yakaifunika, kisha mmomonyoko ukairudisha juu. Ile ramani ilionyesha mahali mifupa inadumu. Kuisoma sawa ramani ya mahali watu waliishi, njo kosa.

Mwaka 1995 kundi la Michel Brunet likapata taya la Abel kule Chad, kilometa kama 2,500 magharibi ya Bonde. Mwaka 2001, Chad tena, fuvu la Toumaï, la karibu miaka milioni 7. Na mwaka 2005 yakatangazwa meno ya sokomutu ya zamani. Kutoka wapi? Kenya, ndani ya Bonde lenyewe! Mzee Coppens mwenyewe alikuwa amekwisha kuiacha nadharia yake mwaka 2003, na kwa hiyo anastahili heshima. Sisi tunabakia nayo juu ya nini?

Wengine wanaigeuza tu: eti binadamu alitoka Congo. Hapana, hiyo nayo haina mfupa. Vyusa vya mfupa vya Katanda, kando ya Semliki, vina kama miaka 90,000. Ni kazi ya ajabu, lakini mbele ya Toumaï ni jana. Chenye Semliki inatupatia ni kingine: udongo wa ziwa la zamani, wa namna ile inayolinda mifupa. Sehemu kubwa iko ndani ya Hifadhi ya Virunga, na vita inafunga njia. Kwa sasa, mfupa mashuhuri wa Ishango uko Brussels. Mwanajiolojia wetu akitaka kuugusa, anaanza na visa.