Kutega na Kutegua: Tahakiki ya Michezo ya Maswali ya Watu Mashuhuri katika Televisheni

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuitazama michezo ya maswali na majibu ya televisheni, hasa ile ambayo waigizaji, waimbaji na wachekeshaji hualikwa kuulizwa, kwa jicho la mhakiki wa fasihi simulizi. Huenda msomaji akauliza iwapo burudani ya namna hii inastahili kurasa za jarida la Kiswahili. Tunaona kwamba inastahili. Mchezo wa maswali una mwulizaji, mjibu na hadhira. Una kanuni zake, hatari zake na kicheko chake. Kwa hiyo ni utendaji, sawa na hadithi au kitendawili, na unaweza kupimwa kwa vipimo vilevile.

Kilichotuchochea ni jambo dogo. Jioni moja ya likizo huko Boga, watu walikuwa wamekusanyika mbele ya duka lenye jenereta na sahani ya satelaiti, wakitazama mchezo wa Kifaransa uitwao Fort Boyard. Mwigizaji mmoja wa sinema aliulizwa fumbo, akasitasita, muda ukamwishia. Ufunguo aliokuwa akiugombania ukatupwa baharini. Vijana walicheka sana, hata ikawa vigumu kusikia yaliyofuata. Mzee mmoja aliyeketi nyuma akauliza, "Na jibu ni nini?" Kijana akamwambia, "Mzee, ameshindwa. Ufunguo umekwenda." Mzee akatikisa kichwa: "Yeye amenyimwa ufunguo. Sisi je, mbona tumenyimwa jibu?"

Swali la mzee huyo ndilo msingi wa hoja yetu: thamani ya mchezo wa maswali inajulikana kwa namna unavyomtendea asiyejua.

2.0 Lugha yenyewe inasema nini?

Katika Kiswahili, kitendawili hutegwa, kisha huteguliwa. Vitenzi hivi viwili vinahusiana kama funga na fungua, fumba na fumbua, ziba na zibua. Kauli ya kutendua huondoa hali iliyoletwa na kitenzi cha kwanza. Maana yake ni kwamba wahenga waliliona swali kuwa mtego, na jibu kuwa kazi ya kuufungua. Wakazi wa Ituri wanaoishi kando ya msitu hawahitaji kufafanuliwa mtego ni nini.

Lakini mtego huu una rehema. Mtegaji husema "Kitendawili!", hadhira ikajibu "Tega!" Yaani hakuna anayetegwa bila kuridhia. Chukua mfano unaojulikana na kila mtoto: nyumba yangu haina mlango. Asiyejua kwamba ni yai hafukuzwi, wala hazomewi mpaka alie. Huambiwa atoe mji. Akishautaja, mtegaji huupokea, hujidai amekwenda huko na kustarehe, kisha hulitoa jibu mbele ya wote. Kushindwa kumelipiwa kwa neno tu, na kila aliyekuwapo anaondoka na elimu. Kesho yake aliyeshindwa atakuwa mtegaji mahali pengine.

Sasa tulinganishe na mchezo uliosambaa duniani baada ya kuanzishwa Uingereza tarehe 4 Septemba 1998, Who Wants to Be a Millionaire? Mshindani huwekewa majibu manne, naye huteua moja. Akifaulu maswali 15 anapata donge nono. Hapa hakuna kutegua, kuna kuchagua. Kitenzi chagua kina mwisho unaofanana na wa kutendua, lakini hakuna kilichofungwa kinachofunguliwa. Jibu tayari liko mezani. Kinachopimwa ni ujasiri wa kulinyooshea kidole, na kinachohesabiwa ni fedha.

3.0 Mashuhuri na haki ya kutojua

Fort Boyard, iliyoanza kuonyeshwa Ufaransa mwaka 1990, iko karibu zaidi na mapokeo yetu. Ndani ya ngome ya mawe iliyojengwa baharini anaketi mzee mwenye ndevu nyeupe, Père Fouras, ambaye hutega mafumbo. Hatoi majibu manne ya kuchaguliwa. Washindani kwa muda mrefu wamekuwa watu mashuhuri, na fedha wanazozipata huenda kwa mashirika ya hisani.

Ni haki kuwasifu wasanii hawa kwa jambo moja. Mtu anayejulikana na mamilioni anakubali kuonekana akiwa hajui, naye anacheka pamoja na wanaomcheka. Katika jamii ambamo cheo huogopa sana neno "sijui", hilo ni somo jema. Hata hivyo, tusisahau kwamba haki hiyo hawakugawiwa watu wote. Msanii akishindwa, jina lake linabaki palepale, na pengine linakua. Mwanafunzi akishindwa mbele ya wenzake anaitwa mjinga. Kosa ni moja, lakini kwa mmoja ni kichekesho na kwa mwingine ni aibu. Televisheni haikuuumba utengano huu, lakini inauonyesha kila wiki bila kuuhoji.

4.0 Mwalimu aliyegeuzwa msanii

Upande wa pili wa jambo hili unatuhusu sisi tunaofundisha. Mwishoni mwa 1956, Charles Van Doren, mwalimu kijana wa Chuo Kikuu cha Columbia huko Marekani, aliingia katika mchezo wa televisheni uitwao Twenty-One. Alishinda wiki baada ya wiki mpaka mwaka 1957, akapata dola 129,000, na sura yake ikapamba jalada la gazeti la Time. Taifa zima lilifurahi kuona kwamba hatimaye msomi amekuwa nyota. Tarehe 2 Novemba 1959 alikiri mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kwamba alikuwa akipewa maswali na majibu mapema, na kwamba alielekezwa namna ya kujibu ili wasiwasi wa watazamaji uongezeke.

Jambo la kutisha hapa si udanganyifu pekee. Van Doren alikuwa msomi kweli. Watayarishaji hawakuihitaji elimu yake. Walihitaji sura ya elimu: kusitasita, kukunja uso, kisha kupata. Mtego ulikuwa umeteguliwa kabla hadhira haijaitika "Tega!" Kwa kipimo cha fasihi simulizi, mapatano yalivunjwa.

5.0 Mfano wa Afrika Mashariki

Kwa upande wetu, mfano wenye heshima ni shindano la vyuo vikuu lililoanza mwaka 2007 kwa jina la Celtel Africa Challenge, baadaye Zain Africa Challenge. Mwulizaji alikuwa John Sibi-Okumu, mwigizaji na mwandishi wa tamthilia wa Kenya. Msanii hapa hakuja kuchekwa. Alikuja kuuliza, na zawadi zilikwenda kwa wanafunzi pamoja na vyuo vyao. Vijana wa Kenya, Uganda, Tanzania na nchi nyingine walionekana kuwa mashujaa kwa sababu ya kusoma. Shindano hilo sasa halipo. Mwaka 2010 mitandao mingi ya Zain katika Afrika ilinunuliwa na Bharti Airtel.

Pamoja na sifa hizo, shindano liliendeshwa kwa Kiingereza. Inaweza kutetewa kwamba Wanigeria na Wamalawi wasingeweza kushiriki kwa Kiswahili, na utetezi huo una nguvu. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba Mtanzania na Mkenya walitegwa mara mbili, kwa swali na kwa lugha ya swali. Kampuni hiyohiyo iliuza huduma zake Kongo, bali mtazamaji wa Bunia alibaki nje ya ua. Mzee wa Boga naye, mbele ya mafumbo ya Kifaransa, alikuwa nje ya ua huohuo.

6.0 Hitimisho

Hatudai kwamba michezo hii ipigwe marufuku, wala hatusemi kwamba ya kale yote ni bora. Tunachodai ni kipimo. Mchezo mwema wa maswali huomba ridhaa, huficha jibu kwa uaminifu, humwacha aliyeshindwa na heshima yake, na mwishoni huwapa wote jibu katika lugha wanayoielewa. Kitendawili hutimiza masharti hayo manne bila umeme.

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, wanafunzi wetu wakusanye vitendawili vya Kihema, Kilendu, Kibira na Kiswahili cha Ituri, wakiandika si swali na jibu tu, bali pia anachotozwa aliyeshindwa. Pili, redio za Bunia ziwaalike wanamuziki na wachekeshaji wa hapa wategwe kwa Kiswahili hewani, na atakayeshindwa atoe mji.

Sisi wenyewe tuanzie darasani. Mwanafunzi akisema "sijui", tumwombe mji, kisha tumpe jibu.