Jina Zuri la Filamu Halianzii Kwenye Filamu

Kabla Tanzania haijapiga marufuku mifuko ya plastiki, Juni 2019, ukinunua nyanya sokoni muuzaji alikuuliza, "Nikuwekee kwenye rambo?" Rambo ni mfuko. Kuna watoto waliujua mfuko huo miaka mingi kabla ya kumwona Sylvester Stallone na bunduki yake.

Hebu tulifuate jina hili kinyumenyume. David Morrell, alipokuwa anaandika riwaya yake First Blood iliyotoka 1972, alitafuta jina la askari aliyerudi kutoka vita vya Vietnam. Amesimulia mwenyewe kwamba siku hizo alikuwa anamsoma mshairi wa Kifaransa, Arthur Rimbaud, na mkewe akarudi nyumbani na matufaha ya aina inayoitwa Rambo. Mshairi na tunda vikakutana, askari akapata jina. Filamu ya 1982 ilitoka na jina la riwaya, lakini vinywani mwa watu ilikuwa Rambo tu, na filamu ya pili, ya 1985, ikabidi isalimu amri na kuliweka jina hilo mbele. Kwa hiyo kutoka kwa mshairi wa karne ya 19 tumefika kwenye nyanya za Kariakoo. Na bado kuna watu wanasema fasihi haifiki mitaani!

Ninachotaka kusema leo ni hiki: majina mengi ya filamu yanayotuganda kichwani yalikuwa na maisha yao kabla ya filamu. Yametoka kwenye shairi, mchezo wa watoto, msemo wa mtaani, wakati mwingine kwenye kitabu kisichohusiana kabisa na hadithi tunayoitazama. Uzuri wake ni ule mzigo linalokuja nao. Na kipimo cha filamu ni kama imeubeba mzigo huo au imeutua mlangoni.

Tuanze na washairi, maana ndio wanaoibiwa sana. Gone with the Wind, filamu ya 1939, ilitokana na riwaya ya Margaret Mitchell ya 1936. Mitchell aliyachukua maneno hayo kwenye shairi la Ernest Dowson, Mwingereza wa mwishoni mwa karne ya 19, linalomhusu mwanamume asiyeweza kumsahau mpenzi wa zamani. Jina ni tamu, sikatai. Hata ukilitafsiri harakaharaka, kilichokwenda na upepo, unasikia majonzi. Lakini angalia kilichotokea lilipohama. Kwa Dowson, kinachopeperushwa ni kumbukumbu za mapenzi ya mtu mmoja. Kwa Mitchell, ni dunia nzima ya mabwana wa mashamba wa kusini mwa Marekani, dunia iliyosimama juu ya migongo ya watumwa. Ukisema dunia hiyo imechukuliwa na upepo, umeigeuza kuwa hali ya hewa. Hakuna aliyekosa, hakuna aliyekombolewa, ni upepo tu umepita. Mimi naona hapo ndipo jina zuri linapoweza kuwa hatari: linatuliza kabla hatujauliza analiliwa nani.

Linganisha na No Country for Old Men. Riwaya ni ya Cormac McCarthy, 2005, na filamu ya ndugu Coen ikafuata 2007. Jina linatoka kwa W. B. Yeats, kwenye shairi lake la safari ya kwenda Byzantium. Mzee wa Yeats anaona nchi yake imekuwa ya vijana, haina nafasi tena kwa watu wa umri wake, kwa hiyo anapanda chombo na kuelekea kwenye mji mtakatifu wa sanaa. McCarthy alichukua lalamiko, akaacha safari. Mzee wake ni Bell, mkuu wa polisi wa wilaya moja huko Texas, anayekutana na ukatili asiouelewa. Bell hana chombo wala Byzantium. Filamu inamwisha akiwa mezani, amestaafu, anamsimulia mkewe ndoto. Ukilijua shairi, kimya kile cha mwisho kinakuwa kizito maradufu, kwa sababu unajua mzee mwingine aliyesema maneno yaleyale alikuwa na pa kwenda. Huku ndiko kukopa ninakokuheshimu.

Lakini jina halihitaji kuwa na busara yote hiyo ili lifanye kazi. Blade Runner ya Ridley Scott, 1982, ilitokana na riwaya ya Philip K. Dick ya 1968, Do Androids Dream of Electric Sheep?, na katika riwaya hiyo hakuna blade runner hata mmoja. Maneno hayo yalikuwa ya Alan E. Nourse, daktari na mwandishi, ambaye 1974 alitoa riwaya kuhusu watu wanaosafirisha vifaa vya upasuaji kwa magendo. Kwake maana iko wazi kabisa: mtu anayekimbiza visu. William Burroughs akaichukua hadithi hiyo na kuifanyia kitabu chake mwaka 1979. Watengenezaji wa filamu walikuwa wanatafuta jina la kazi ya Deckard, yule mwindaji wa watu bandia. Wakaliona, wakalipenda, wakalinunua. Ndani ya filamu hakuna anayeeleza kwa nini wawindaji hao wanaitwa hivyo. Maana imekatika, sauti imebaki. Nadhani ndiyo maana linanasa: linasikika kama neno la kazini ambalo wenyewe wanalielewa, na sisi tumechungulia tu dirishani.

Sasa twende kwa Sembène Ousmane, kwa sababu hapa Kiswahili kinaweza kutusaidia kuona kitu ambacho Kiingereza kilishindwa. Filamu yake ya 1966 inaitwa La Noire de... na nukta tatu hizo ni sehemu ya jina. Diouana, msichana wa Dakar, anachukuliwa kwenda Antibes, Ufaransa, akidhani anakwenda kulea watoto, kumbe anakwenda kuwa mtumishi wa ndani. Wazungu waliomchukua hatuwajui kwa majina, ni Bwana na Bibi tu. Kiingereza kiliipa filamu jina la Black Girl, msichana mweusi, basi. Kile kineno "de" kikatupwa pamoja na nukta zake. Na humo ndimo ilimokuwa filamu yote! Kwa Kifaransa kineno hicho kinaweza kutaja mahali mtu anapotoka, na kinaweza kumtaja anayemmiliki. Kiswahili tunacho hichohicho: Mweusi wa... Wa Dakar? Wa yule bibi? "Wa" yetu inabeba yote mawili bila kuchagua, kama "de". Nukta tatu zinamwacha mtazamaji amalizie, na namna atakavyomalizia itamwambia yeye mwenyewe ni mtu wa aina gani.

Tafsiri za majina zina visa vyake. Les Quatre Cents Coups ya François Truffaut, 1959, imejengwa juu ya msemo wa Kifaransa wa mtu anayeishi kwa vurugu na utukutu. Kiingereza kikahesabu mapigo, kikatoa The 400 Blows, na watu wakakaa wanangoja mtu achapwe. Sisi nasi tuna letu. Jina la Things Fall Apart, riwaya ya Chinua Achebe, nalo lilichotwa kwa Yeats. Clement Ndulute alipoileta kwa Kiswahili mwaka 1973 ikawa Shujaa Okonkwo. Ni jina linaloeleweka haraka, na kwa msomaji wa shule lilikuwa na mvuto. Lakini Achebe alikuwa anasema jamii nzima inabomoka. Jina letu limempandisha mtu mmoja jukwaani na kumpigia makofi, na mtu mwenyewe ndiye aliyeshindwa kuona kwamba ushujaa wake haukutosha.

Hollywood imewahi kuja kukopa kwetu pia. Mwaka 1953 ilitoka Mogambo ya John Ford, yenye Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly, filamu iliyopigwa Afrika Mashariki. Imeandikwa mara nyingi kwamba jina hilo ni la Kiswahili na maana yake ni mahaba mazito. Kiswahili cha wapi, jamani? Hadithi nyingine inayosimuliwa ni kwamba lilitoka kwenye jina la klabu ya usiku ya Hollywood, Mocambo, likabadilishwa herufi moja. Sisi neno la karibu tulilo nalo ni mgambo, na wahenga wametuambia la mgambo likilia lina jambo. Hapa lililia, jambo halikuwepo.

Miaka kadhaa baadaye Howard Hawks alikuja Tanganyika na John Wayne, akaondoka na Hatari! pamoja na alama yake ya mshangao. Hili angalau ni neno letu, na filamu inahusu watu wanaokamata wanyama wa porini, kwa hiyo linafaa. Ila limebaki kama kibao cha barabarani. Hatari ninayoijua mimi ina upande wa pili: ukisikia kijiweni "huyu dada ni hatari", mtu anasifiwa. Neno lilikuwa na tabasamu ndani yake, na Hawks alikwenda na meno tu.

Ningependa kuishia hapo na kuwalaumu wageni, lakini haitakuwa haki. Angalia kava za DVD za Bongo Movie za enzi za marehemu Steven Kanumba. Watu wanapendana kwa Kiswahili, wanafumaniana kwa Kiswahili, wanazikana kwa Kiswahili, halafu juu ya kava: Oprah, Devil Kingdom, Uncle JJ. Sababu naielewa. Nollywood ilikuwa imefunga soko, na Kiingereza kwenye kava kilionekana kama pasipoti. Lakini pasipoti bila safari ni kijitabu tu. Jina la aina hiyo halina kumbukumbu yoyote kwa mtazamaji wa Mbagala, na mtazamaji wa Lagos analo tayari.

Wala Kiingereza chenyewe sicho tatizo. Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, 2012, ina jina la Kiingereza na bado ni jina la Nairobi hasa. Wanafizikia hulitumia neno hilo kupima muda ambao nusu ya kitu cha mionzi huoza. Mwas anatoka kijijini akitaka kuwa mwigizaji; mji unampora siku ya kwanza, kisha anaishi nusu jukwaani na nusu kwenye genge la wezi. Unakaa unahesabu: nusu ipi itaoza kwanza?

Rafiki ya Wanuri Kahiu, 2018, ilichukua hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko, "Jambula Tree", ikaachana na mti na kuchagua neno ambalo kila mtoto wa chekechea analijua. Ni hadithi ya wasichana wawili wanaopendana. Kahiu ameeleza kwamba watu wa namna hiyo mara nyingi hawawezi kuwatambulisha wapenzi wao kwa jina halisi, huishia kusema "huyu ni rafiki yangu". Kenya iliipiga marufuku, baadaye mahakama ikairuhusu kwa siku saba. Uwe na msimamo wowote kuhusu filamu yenyewe, huwezi kukataa kazi iliyofanywa na jina: neno la kawaida limefunguliwa, na ndani yake kumekutwa mtu amejificha.

Na kwangu, jina bora kabisa la filamu ya Kiswahili ni Vuta N'Kuvute. Adam Shafi alilipa riwaya yake ya 1999. Amil Shivji akalibeba hadi kwenye filamu ya 2021. Tuko Zanzibar ya miaka ya 1950. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mtu mzima, anatoroka ndoa. Denge anapigania uhuru, na polisi wa mkoloni wanamwinda. Kwa Kiingereza filamu inaitwa Tug of War. Humo mna kuvuta na mna vita, watu hakuna. Sasa lisikilize letu. "Vuta" ni amri: naanza na wewe. "Nikuvute" ina "ni", mimi, na ina "ku", wewe. Ndani ya maneno mawili tumeshikana kamba, na hakuna awezaye kuiachia bila mwenzake kuanguka. Ndoa na uhuru, Yasmin na Denge, koloni na kisiwa, vyote vimo. Hata ile alama iliyomeza irabu ni ya mdomoni, ndivyo tunavyosema tukiwa na haraka.

Jina hilo halikubuniwa na Shafi wala Shivji. Lilikuwa linapigiwa kelele kwenye viwanja vya shule kabla yao. Walichofanya ni kulisikia. Riwaya zetu zimejaa majina ya namna hiyo: Dunia Mti Mkavu, Asali Chungu, Nyota ya Rehema. Khanga zinatufundisha kila siku kusema jambo zima kwa maneno matano. Mwongozaji anayetafuta jina leo hana haja ya kwenda mbali. Akishalipata, alipime hivi: mtazamaji akitoka ukumbini, neno alilokuwa nalo tangu utotoni limeongezeka uzito? Kama halikuongezeka, alirudishe kwa wenyewe.