Sauti Isiyotua: Fani ya Barua ya Jerilderie

Barua ya Jerilderie ina maneno takriban 8,000 katika kurasa 56, na nukta na mikato ndani yake ni za kutafuta. Aliyeitamka ni Ned Kelly, jambazi wa msituni katika koloni la Victoria, Australia. Aliyeshika kalamu anaaminika kuwa mwenzake, Joe Byrne. Februari 1879 genge lao lilivuka mpaka na kuingia New South Wales, likauteka mji mdogo wa Jerilderie, likawafungia polisi katika mahabusu yao wenyewe na kupora benki. Kelly alimsaka mchapishaji wa mji ili barua ipigwe chapa, lakini mchapishaji alikuwa ameshakimbia. Ikaachwa mikononi mwa mhasibu wa benki, naye akaipeleka kwa wakubwa. Haikuchapishwa nzima hadi 1930.

Wengi huisoma kwa ajili ya maudhui: nani alichokoza, nani alionewa. Mimi nashikilia kwamba nguvu ya barua hii imo katika fani yake, na hatia yake pia imo humohumo.

Tuanze na uakifishi. Ni rahisi kusema nukta zimekosekana kwa sababu ya elimu ndogo, maana Kelly alisoma kidogo tu huko Avenel kabla baba yake hajafariki mwaka 1866. Lakini tazama jinsi masimulizi yanavyojengwa. Yanaanza na gari la mchuuzi lililokwama kwenye tope na ugomvi juu ya farasi anayedaiwa kutumiwa bila idhini ya mwenyewe. Kutoka hapo tukio linazaa tukio, likiunganishwa kwa viunganishi vifupi: ngumi, kesi, jela, farasi mwingine, kesi nyingine. Majina ya watu, mahali na wanyama hayaachwi. Huu ni muundo wa ushahidi wa kizimbani, na Kelly aliujua vizuri, kwani alianza kusimamishwa mbele ya mahakimu tangu ujana wake. Tofauti ni moja: mahakamani wakili humkatiza shahidi. Hapa hakuna wa kumkatiza. Kukosekana kwa nukta kunamfanya msemaji ashike zamu yake hadi mwisho.

Kisha ushahidi unapasuka na kuwa matusi. Polisi wanachorwa kwa viungo vilivyoazimwa kwa wanyama, sifa juu ya sifa, mpaka chuku inageuka kuwa mdundo. Papo hapo unaingia wimbo: orodha ya makoloni ya wafungwa inayofuata nyayo za “Moreton Bay”, wimbo wa mateso ya wafungwa uliokuwa ukiimbwa na watu wa kawaida. Baba yake Kelly mwenyewe aliletwa kutoka Ireland hadi Van Diemen's Land akiwa mfungwa. Kwa hiyo wimbo unafanya kazi ambayo ushahidi haukuweza kuifanya. Ugomvi wa mtu mmoja na askari wa wilaya unapanuliwa na kuwa kilio cha taifa, na “mimi” aliyeanza na farasi anazungumza kwa niaba ya waliofungwa kabla hajazaliwa.

Mwishoni sauti inabadilika tena. Mwaka 1878 serikali ya Victoria ilikuwa imepitisha sheria iliyowezesha Kelly na wenzake kuuawa na raia yeyote bila kukamatwa kwanza. Kelly anajibu kwa fani ileile ya dola, yaani tangazo. Anawaagiza wenye sababu ya kumwogopa wauze mali zao, watoe pauni 10 katika kila 100 kwa mfuko wa wajane na mayatima, na waondoke Victoria. Mshtakiwa wa kurasa za mwanzo sasa anatoa amri.

Na hapo ndipo fani inapomfichua. Oktoba 1878, kwenye kijito cha Stringybark, genge liliwaua polisi watatu: Kennedy, Lonigan na Scanlan. Wote walizaliwa Ireland, na Kennedy na Lonigan waliacha wake na watoto. Barua inadai wajane wasaidiwe huku mwenye barua ameongeza idadi yao. Inawaita Waayalandi waliovaa sare wasaliti, lakini haiwapi hata sentensi moja ya kujitetea. Sauti isiyotua haimwachii marehemu nafasi ya kusema.

Wakati huohuo Victoria ilikuwa inajenga sauti nyingine. Sheria ya elimu ya 1872 ilifanya shule za serikali kuwa za bure, za lazima na zisizofundisha dini. Mwalimu wa shule ya namna hiyo, Thomas Curnow wa Glenrowan, ndiye aliyekuja kulivunja genge. Juni 1880 Kelly alikuwa ameng'oa reli ili treni ya polisi ianguke. Akamwamini Curnow na kumwachia aende nyumbani. Mwalimu akatoka usiku na mshumaa na skafu nyekundu, akaisimamisha treni. Kelly alikamatwa, akanyongwa Melbourne tarehe 11 Novemba 1880, kwa hukumu ya Jaji Redmond Barry, mmoja wa waasisi wa maktaba ya umma ya mji huo. Barua imehifadhiwa katika maktaba hiyohiyo tangu 2000.

Utamaduni wa umma ulichagua kukumbuka kitu kingine. Filamu ya 1906 kuhusu genge hilo, ambayo ilizidi saa moja, ilikuwa ya kimya. Picha za mchoraji Sidney Nolan za 1946 na 1947 zilimfanya Kelly kofia nyeusi ya chuma, ile ya deraya aliyoivaa Glenrowan. Ulimi ulipotea, chuma kikabaki, hadi riwaya ya Peter Carey ya 2000 kuhusu Kelly iliporudisha usimulizi usio na mikato.

Hukumu yangu ni hii: Barua ya Jerilderie ni kazi kubwa ya usimulizi, na ukubwa wake haumsafishi mwenyewe. Isomwe kwa sauti, isomwe nzima, na msomaji ajiulize katika kila ukurasa ni nani aliyenyimwa zamu ya kusema.